Kutoboa

Wenzangu walitoboa maisha.
Mimi, Jumamosi hii ya mvua, Sheffield,
natoboa sufuria.

Lita thelathini na tatu, masikio mawili,
kitako kizito kama deni.
Niliinunua mwaka ule Tumaini alipopata kipaimara,
nikasonga ndani yake ugali wa watu sitini,
na mwaka uliofuata, ugali wa msiba wa baba yake.
Tangu hapo ilikaa juu ya kabati, imefunikwa gazeti,
nami napikia kisufuria
ambamo mayai mawili yanagombania nafasi.

Maureen wa nyumba ya pili amekuja na drili
na kikopo cha mafuta.
Miaka kumi na tisa aling'arisha vijiko kiwandani,
karatasi ya kahawia kiunoni, kitambaa chekundu shingoni;
hadi leo vidole vyake vinakijua chuma
kama mimi ninavyoujua unga uliovunda.
"Taratibu," anasema. "Hiki ukikiharakisha kinakasirika.
Kinapata moto, kinakuwa kigumu
kuliko hicho kinachokikata."
Nikamwambia niliolewa na mtu wa namna hiyo.
Akacheka hadi akatafuta kiti.

Tukapima vidole vitatu kutoka kitako.
Alama ya kalamu. Kisha msumari na nyundo:
kishimo kidogo, kama kovu la chanjo begani,
ili ncha isiteleze.
Hapo nikasita.

Kwetu Makambako mama alipika komoni
kwenye pipa lililokatwa, akachota kwa kata.
Hakuna aliyetoboa chombo kizima.
Chombo kikitoboka chenyewe kinapelekwa kwa fundi,
au kinapandwa vitunguu.
Juzi nilimpigia simu kumweleza. Akanyamaza kidogo.
"Unataka sufuria ivuje? Kwa makusudi?"
Ndiyo, mama. Ivuje nikitaka,
inyamaze nikiifunga.
"Basi hiyo," akasema, "itakuwa imewazidi watu wengi."

Drili ikalia.
Mafuta yakatoa moshi mwembamba,
nyuzi za chuma zikajisokota, zikadondoka
kwenye viatu vyangu vya kazini.
Nilidhani moyo ungeuma.
Uliouma ni mkono.
Kisha ghafla ncha ikazama pasipo kitu,
na mwanga wa dirishani ukaingia sufuriani
kwa mlango ambao haukuwepo.

Tupa, kuondoa makali. Sabuni, mara mbili.
Mpira wa ndani, mpira wa nje,
nati, koki ya shaba.
Tukajaza maji.

Tone moja.
Maureen akakaza nati robo mzunguko.
Tone jingine likachungulia, likafikiri, likaanguka.
Wahenga walisema pakacha likivuja, nafuu kwa mchukuzi;
wahenga hawakulipia vigae vya jikoni.
Robo nyingine.
Tukakaa tunaitazama bila kusema,
kama watu wanaosubiri mtoto alale.

Kavu.

Kwenye mwiko wa zamani nikachonga alama kwa kisu,
lita tano, kumi, ishirini;
ya ishirini na tano ikaangukia palepale
mti ulipobabuka siku ya msiba.
Nikachonga hivyo hivyo.

Kesho kimea kitalowa, nyumba itanukia togwa,
kisha nitatia yale maua makavu ya kijani
ambayo Maureen anayaapia,
na kitu kitamu kitachemka saa nzima
hadi kiwe chungu.
Mama atauliza mtu anaongezaje uchungu
kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa kupima.
Sijui nitamjibu nini.
Nitamwambia mizani ni ya jikoni, inapima vizuri.

Usiku nimeshuka kuangalia sakafu.
Mvua imekata. Sufuria iko mezani, imejaa,
koki imetazama mlangoni.
Nimekinga glasi, nimegeuza kidogo tu,
nimekunywa nimesimama.
Maji yana ladha ya chuma, kwa mbali.

Nimefunga.
Imenyamaza.